Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mishipa Mipya ya Damu Huota Ndani ya Jicho

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni mishipa midogo ya damu inayoota ndani ya jicho mahali isipotakiwa na kuhatarisha uwezo wa kuona. Nimechagua sita. Kwa kuwa waandishi kadhaa wameomba waelezwe hata yale yanayotendeka katika ngazi ya seli na molekuli, sitayaruka mambo hayo, na namwomba msomaji awe na subira pale ambapo maelezo yanarefuka.

SWALI: Nimeishi na kisukari kwa miaka mingi. Nilipopimwa macho hivi karibuni niliambiwa kwamba kuna mishipa mipya ya damu inayoota juu ya retina, na kwamba ni hatari. Sijaelewa. Mwili unahitaji damu, sasa mishipa ikiongezeka ubaya uko wapi? Tena mbona mimi bado naona vizuri?

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kushangaa, kwa sababu kwingineko mwilini mishipa mipya ni neema. Bila hiyo kidonda hakifungi, na mtoto hakui tumboni. Ndani ya jicho ubaya hautokani na wingi wa mishipa, bali unatokana na namna ilivyojengwa na mahali ilipopita.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho, na seli zake zinazopokea mwanga ni miongoni mwa seli zinazotumia oksijeni nyingi kuliko karibu zote mwilini. Utando huo hulishwa kwa njia mbili: kapilari zake wenyewe, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, hulisha tabaka za ndani, na koroidi, ambayo ni tabaka lililojaa mishipa nyuma yake, hulisha tabaka za nje. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kapilari za ndani huharibika kidogo kidogo. Seli ziitwazo perisaiti, ambazo huikumbatia kapilari kwa nje na kuipa uimara, hufa. Utando ulio chini ya ukuta wa mshipa hunenepa. Kapilari nyingine hututumka na nyingine huziba kabisa. Eneo la retina lililotegemea kapilari iliyoziba si lazima life papo hapo. Mara nyingi hubaki hai likiwa na njaa ya oksijeni, na seli zenye njaa hutoa protini ya kuita mishipa.

Protini hiyo hujulikana duniani kote kwa kifupi cha VEGF. Dhana yake ni ya zamani kuliko jina lake: mwaka 1948 daktari wa macho Isaac Michaelson alipendekeza kwamba ndani ya retina kuna kemikali inayosambaa na kuongoza ukuaji wa mishipa, ingawa hakuna aliyeweza kuishika kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 kundi la Donald Senger na Harold Dvorak lilieleza protini inayofanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakatenga protini inayochochea seli za mishipa kugawanyika. Ikabainika kwamba zote mbili ni kitu kimoja, na hilo ni jambo la kuzingatia sana, kwani molekuli ileile inayootesha mshipa ndiyo inayoufanya uvuje. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipopima majimaji ya ndani ya macho ya wagonjwa, walikuta VEGF kwa wingi kwa wale wenye kisukari ambao mishipa yao mipya ilikuwa ikiendelea kukua.

Sasa tuone inavyofanya kazi. VEGF hufika kwenye seli za endothelia, yaani zile zilizojipanga kuta za ndani za mshipa, na kushikana na kipokezi kiitwacho VEGFR-2. Vipokezi viwili hukutana, huwashana kwa kupachikiana fosfati, na ishara hiyo huiambia seli igawanyike, itoe vimeng'enya vya kuyeyusha utando unaoizunguka, na ianze kutambaa. Seli moja hutangulia ikinyoosha vijinyuzi vyembamba kuelekea kule VEGF ilikozidi, kama mzizi unaofuata unyevu. Seli hiyo inayotangulia huonyesha juu yake protini iitwayo Dll4, ambayo hugusa kipokezi cha Notch katika seli za jirani na kuzipunguzia usikivu wa VEGF, ili zisikimbilie mbele zote kwa pamoja bali zifuate nyuma na kuunda bomba. Mshipa ukishapitisha damu, seli zake huita perisaiti kwa protini nyingine, PDGF, na molekuli ya angiopoetini-1 hutuliza ukuta kupitia kipokezi cha Tie2. Huo ndio ujenzi ulio sahihi, na kila hatua yake ina breki.

Katika jicho lenye kisukari breki hizo hulegea. VEGF ni nyingi mno, nayo imesambaa ovyo badala ya kupungua kwa mpangilio kutoka sehemu moja hadi nyingine. Angiopoetini-2, ambayo huzuia kazi ya ile ya kwanza, hupanda pia. Matokeo yake ni mishipa dhaifu isiyo na perisaiti za kutosha, inayovuja na kupasuka kwa urahisi. Kisha haiendi kwenye eneo lenye njaa. Hutoboa uso wa retina na kutambaa juu yake, ikijishikiza kwenye ute mzito unaojaza jicho, kwa hiyo sehemu iliyoomba oksijeni hubaki na njaa yake na huendelea kuomba. Baadaye ute huo ukijivuta, mishipa hupasuka na damu hujaa jichoni. Na makovu yanayoandamana nayo yakisinyaa, huweza kuing'oa retina mahali pake. VEGF iliyozidi huweza pia kusafiri hadi mbele ya jicho na kuotesha mishipa kwenye irisi, ikaziba njia ya kutokea majimaji na kuleta glakoma kali yenye maumivu.

Unaona vizuri kwa sababu mishipa hii haianzii katikati ya retina, mahali penye uoni makini. Huota pembeni zaidi au kwenye kichwa cha neva ya jicho, na inaweza kukua bila dalili hadi siku inapovuja damu. Nakusihi usiahirishe matibabu kwa kuwa huhisi kitu, kwani hiki ndicho kipindi ambacho matibabu huokoa zaidi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Wanafunzi wangu wameniuliza, na mimi nauliza kwenu: seli inajuaje kwamba oksijeni imepungua?

JIBU: Mwalimu, umegusa mojawapo ya majibu yanayonifurahisha zaidi katika sayansi ya tiba. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 kwa kulipata.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF, yenye nusu mbili. Nusu ya alfa hutengenezwa wakati wote na huharibiwa wakati wote. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya maalumu huipachika alfa kikundi cha hidroksili kwenye asidi amino za prolini. Na vimeng'enya hivyo haviwezi kufanya kazi bila chuma na bila oksijeni yenyewe, kwa kuwa atomu ya oksijeni ndiyo inayopachikwa. Alama hiyo hutambuliwa na protini ya VHL, ambayo huifungia alfa mnyororo wa ubikwitini, na kilichofungiwa mnyororo huo hupelekwa kwenye proteasomu kukatwakatwa. Katika seli iliyoshiba oksijeni, alfa hudumu dakika chache tu.

Oksijeni ikipungua, kazi ya kupachika hukwama kwa kukosa malighafi. Alfa hurundikana, huingia kwenye kiini, huungana na nusu ya beta na kushika DNA karibu na jeni nyingi ambazo huzaa protini za kustahimili uhaba: ya VEGF ni mojawapo, na nyingine ni ya erithropoetini inayoongeza chembe nyekundu za damu. Waeleze wanafunzi wako kwamba hapa hakuna kipimo kilichotengwa kando cha kupima oksijeni, kwa sababu oksijeni ni kiungo cha mmenyuko wenyewe, na upungufu wake hujitangaza kwa kazi kutofanyika.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili kutoka kliniki za macho. Wapo watu wanaorithi jeni yenye hitilafu ya VHL, ugonjwa uitwao von Hippel-Lindau. Nakala ya pili ya jeni inapoharibika katika seli fulani, seli hiyo haiwezi tena kuondoa HIF, na hufanya kana kwamba haina hewa hata ikiwa inazungukwa na oksijeni tele. Mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa huu hujionyesha mapema ni retina, kwa vivimbe vilivyosheheni mishipa ya damu. Si ajabu basi kwamba Kaelin aliingia katika utafiti huu kwa mlango wa ugonjwa huo.

Niongeze tahadhari moja ili darasa lisiondoke na picha nusu. Ukosefu wa oksijeni si chanzo pekee cha VEGF. Uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili nao huipandisha, na jambo hilo litatuhusu katika barua ya tano.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwa nini sehemu ya mbele ya jicho haina mishipa kabisa, ilhali sehemu nyeupe iliyo kando yake inayo?

JIBU: Marahaba. Sehemu hiyo, konea, lazima iwe angavu ili mwanga upite, na hupata oksijeni yake nyingi moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi. Cha kushangaza ni kwamba VEGF imo hata ndani ya konea, isipokuwa imefungwa. Konea hutengeneza kipokezi cha VEGF kilichokatwa mkia, ambacho hakijashikizwa kwenye seli yoyote. Huelea huru, hunasa VEGF na kuizuia isifike kwenye mishipa ya jirani. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba ukikiondoa kipokezi hicho katika konea ya panya, mishipa huingia. Walilinganisha pia wanyama wengine: manatii, mnyama wa majini ambaye konea yake ina mishipa kwa kawaida, hana kipokezi hicho, nguva, ambaye ni jamaa yake wa karibu, anacho, na tembo vilevile, na konea zao ni angavu.

Ulinzi huu hushindwa pale konea inaposumbuliwa kwa muda mrefu, kwa mfano na trakoma, na virusi vya hepesi, au na lenzi za kuvaa jichoni zinazolalwa nazo usiku na kuinyima hewa.

SWALI: Mwanangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia na alikaa kwenye oksijeni kwa wiki kadhaa. Sasa nimeambiwa nimrudishe kupimwa macho mara kwa mara. Je, ile oksijeni ndiyo iliyomdhuru? Najilaumu kwa kuikubali.

JIBU: Mama, usijilaumu. Oksijeni hiyo huenda ndiyo iliyomwezesha mwanao kuwa hai leo.

Mishipa ya retina huanza kutoka kwenye neva ya jicho karibu na wiki ya 16 ya ujauzito na hufika kingoni mwa retina karibu na wakati wa kuzaliwa. Mtoto njiti huzaliwa safari hiyo ikiwa haijaisha. Tumboni aliishi katika oksijeni kidogo, na uhaba huo wa wastani ndio uliokuwa ukiivuta mishipa iendelee mbele. Nje ya tumbo, hata hewa ya kawaida humpa oksijeni zaidi ya aliyoizoea, na ya kuongezewa huipandisha zaidi. VEGF hushuka na mishipa husimama. Wakati huohuo mtoto hupoteza IGF-1, kichocheo cha ukuaji ambacho nacho ni lazima ili VEGF ifanye kazi yake sawasawa, na ambacho viwango vyake hushuka mtoto anapozaliwa mapema. Wiki zinapita, retina inakomaa na kutaka chakula zaidi, lakini kingo zake hazina mishipa. Hapo njaa huanza, VEGF hupanda kwa kishindo, na mishipa huota juu ya retina.

Katika miaka ya 1950 tafiti zilithibitisha kwamba kuwapa watoto njiti oksijeni bila kipimo kulikuwa kunapofusha wengi. Hospitali zikaibana sana, upofu ukapungua, lakini vifo na madhara ya ubongo vikaongezeka. Ndiyo maana siku hizi oksijeni ya damu ya mtoto hufuatiliwa kwa kifaa na kuwekwa katika kiwango kilichopangwa. Mimi naona kisa hicho kinapaswa kujulikana na kila mzazi wa mtoto njiti, kwa kuwa kinaonyesha kwamba uamuzi wa kumpa mtoto oksijeni haukuwa wa kupuuza macho yake.

La muhimu kwako ni tarehe za uchunguzi. Kwa kawaida wa kwanza hufanyika kati ya wiki ya nne na ya sita baada ya kuzaliwa, kutegemea umri wa mimba, na zinazofuata hupangwa na daktari kulingana na alichokiona. Watoto wengi hupona bila tiba yoyote. Wanaohitaji tiba hupewa leza au sindano ya kuzuia VEGF, na dirisha la kufanya hivyo linaweza kuwa la siku chache tu. Akipewa sindano, tarajia kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mishipa huweza kuota tena dawa inapoisha.

SWALI: Mama yangu mzazi ni mzee na hana kisukari, lakini ameambiwa ana mishipa isiyo ya kawaida katikati ya retina. Anachomwa sindano ndani ya jicho karibu kila mwezi. Kwa nini isitolewe dawa moja ya kumaliza tatizo?

JIBU: Ugonjwa wa mama yako una chanzo tofauti, ingawa unaishia kwa molekuli ileile. Kwa uzee, mishipa hutoka koroidi, nyuma ya retina, na kupenya utando wa Bruch unaozitenganisha. Kati ya retina na utando huo kuna safu moja ya seli zenye rangi, ambazo husafisha mabaki ya seli za mwanga kila siku ya maisha. Umri unapokwenda, taka hurundikana chini ya safu hiyo zikafanya madoa yaitwayo druseni. Madoa haya huamsha komplementi, yaani kundi la protini za kinga, na uvimbe huo wa muda mrefu huzifanya seli zitoe VEGF zaidi. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba tofauti ndogo katika jeni ya protini inayotuliza komplementi humwongezea mtu hatari ya ugonjwa huu. Uvutaji wa sigara nao huiongeza.

Nataka pia ujue kwamba safu hiyo hiyo hutoa VEGF kidogo hata katika jicho lenye afya, kwa ajili ya kuitunza koroidi, na hutoa protini nyingine, PEDF, inayozuia mishipa. Afya ni uwiano wa hizo mbili. Kwa hiyo kuifuta VEGF moja kwa moja milele si jambo la kutamani bila kufikiri.

Dawa anazochomwa hunasa VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi chake. Ranibizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ni kipande cha kingamwili. Bevacizumabu ni kingamwili nzima iliyoidhinishwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na madaktari wa macho huitumia kwa gharama ndogo zaidi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba matokeo yake kwa uoni yanakaribiana na ya ranibizumabu. Aflibersepti, ya mwaka 2011, imeundwa kwa vipande vya vipokezi vyenyewe, na farisimabu, ya mwaka 2022, hunasa VEGF na angiopoetini-2 kwa pamoja. Kabla ya dawa hizi wagonjwa wengi walikuwa wakipoteza uoni wa katikati. Katika jaribio mojawapo la ranibizumabu, baada ya mwaka mmoja takriban asilimia 95 ya waliotibiwa walikuwa wamezuiliwa wasipoteze herufi 15 au zaidi kwenye chati ya kusomea, na karibu theluthi moja waliongeza herufi 15 au zaidi.

Lakini dawa hukamata VEGF iliyopo tu. Seli zinazoitengeneza hazijaguswa, na kiasi cha ranibizumabu jichoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 9 hivi. Dawa ikiisha, ishara hurudi. Zaidi ya hayo, mshipa uliokwisha kukomaa na kuvikwa perisaiti hautegemei tena VEGF kama zamani, hivyo dawa humkausha mama majimaji yanayovuja bila kuuondoa mshipa wenyewe, na kovu likishajengeka haliyeyuki. Ndiyo sababu tunaanza mapema na kurudia. Jicho likitulia, daktari wake anaweza kurefusha nafasi kati ya sindano wiki chache kwa wakati mmoja. Muulizeni kama imefika hatua hiyo. Na kama baada ya sindano jicho litauma zaidi badala ya kupoa, likawa jekundu sana au uoni ukashuka, arudishwe siku hiyohiyo, kwani hizo ni dalili za maambukizi ya ndani ya jicho; ni nadra, lakini hayasubiri.

SWALI: Nina kisukari na daktari amependekeza leza. Inawezekanaje kuichoma retina kukaokoa macho?

JIBU: Kwa sababu leza hupunguza idadi ya wanaoomba. Huelekezwa pembeni mwa retina, ambako huua sehemu ya zile seli za mwanga zinazotumia oksijeni nyingi. Oksijeni ya koroidi ambayo zingeitumia hupenya hadi tabaka za ndani, njaa hupungua, HIF huharibiwa tena kama kawaida, na VEGF hushuka. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani katika miaka ya 1970 lilionyesha kwamba leza ya namna hii hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu.

Gharama yake ni kwamba unaweza kupoteza sehemu ya uoni wa pembeni na kuona kwa shida zaidi gizani, na wapo wanaopata uvimbe wa muda katikati ya retina. Sindano hazina madhara hayo, na kwa mgonjwa anayehudhuria kliniki bila kukosa hutoa matokeo mazuri sana. Ila athari ya leza hudumu, na ya sindano hupita. Wagonjwa waliotibiwa kwa sindano peke yake kisha wakapotea kwa miezi mingi wamekutwa na hali mbaya kuliko waliopotea baada ya leza. Kwa hiyo daktari wako akikuuliza kama utaweza kurudi kila unapoitwa, mjibu ukweli, hata kama jibu lenyewe ni hapana, kwa sababu jibu hilo litaamua aina ya tiba atakayokupa.